SAFU YA MWALIMU: Shoti Kwenye Njia ya Treni Ndogo



Mwezi uliopita mzazi mmoja wa hapa Uingereza alitujia na sanduku la treni ndogo za umeme, akasema anataka kulitoa sadaka. Mwanawe, alisema, kaliharibu: kila akichezea, taa nyekundu ya transfoma huwaka na treni husimama. Mzazi huyu hufanya kazi zamu ya usiku, na saa moja ya Jumamosi mchana ndiyo pekee aliyokuwa akikaa sakafuni na mtoto. Tulimwomba atuachie sanduku kwa wiki moja, wala asimgombeze mtoto mpaka tuchungulie.

Reli zilikuwa za kipimo kinachopendwa mno nchini humu, milimita 16.5 baina ya reli na reli. Treni hizi huendeshwa kwa volti 12. Reli moja huchukua chanya, ya pili hasi, na mota iliyomo katika kichwa cha treni hupokea umeme kupitia magurudumu. Taabu huzaliwa pale njia inapogawanyika, mahali paitwapo pointi. Hapo reli ya ndani ya njia moja hukutana na reli ya ndani ya njia ya pili, zikafanya ncha mithili ya mkuki. Moja yataka kuwa chanya, nyingine hasi.

Baadhi ya watengenezaji huifanya ncha hiyo ya plastiki. Ni salama, ila kichwa kifupi chenye magurudumu machache hukosa umeme juu yake kikakwama. Wengine huiacha ya chuma, ikapata umeme kutoka ule ulimi wa reli unaohama kushoto na kulia. Ulimi ukihama, ncha nayo hugeuka, chanya ikawa hasi. Pointi za mtoto zilikuwa za chuma, mbili, za mitumba, zikielekeana ncha kwa ncha, na baina yao njia mbili za kupishana.

Pointi zote zikielekezwa njia moja, treni hukimbia. Ikigeuzwa moja tu, ncha hii ni chanya na ile ni hasi, nazo zimeungana kwa reli zilezile za ndani. Shoti! Mtoto hakuharibu kitu. Alizigeuza pointi, na pointi kazi yake ni kugeuzwa.

Dawa yake ni viungio vinne vya plastiki na vipande viwili vya waya. Kila ncha hutoka reli mbili. Tuliondoa viungio vya chuma vya reli hizo tukatia vya plastiki. Hapo reli za ndani zikabaki bila umeme, basi tukalehemu waya: reli ya ndani ya njia ya kushoto ikapewa umeme kutoka reli ya nje ya njia ya kulia, na ya kulia kutoka reli ya nje ya kushoto. (Mikono yetu si ile ya zamani, lehemu ya kwanza ilidondokea zulia.) Waya za transfoma nazo ziingie upande wa ndimi, kamwe zisiingie nyuma ya ncha.

Kabla ya kuwasha tuliondoa vichwa vyote relini, tukachomoa transfoma, tukaweka mita baina ya reli mbili na kugeuza pointi kwa namna zote nne. Haikulia. Ndimi zifutwe vumbi mara kwa mara, kwani umeme wa ncha hutegemea mguso wao. Transfoma yenyewe msiifungue, maana ndani yake mna volti 230 za nyumba.

Jumamosi mzazi alikuja na mwanawe. Mita tulimkabidhi mtoto, naye akamwonesha baba yake pointi moja baada ya nyingine, kisha akageuza moja peke yake. Treni ikaingia njia ya pili bila kusita. Baba akamwomba radhi mwanawe kwa sauti ya chini, nasi tukajifanya tunatafuta bisibisi.