Inchi ya shaba, lakini gari zetu zinafungwa na waya wa nyumba

Wasikilizaji wetu wa Kasongo na Kabambare, na ninyi ndugu zetu wenye mulikimbia vita na leo muko mu nyumba za watu: tuseme wazi juu ya kitu kidogo chenye kinatuumiza sana. Ni fizible, ni waya, ni rele, ni kosi ya batri. Gari inakuwa na mafuta, inakuwa na shofere, inakuwa na mugonjwa ndani, na haiondoke, kwa sababu ya kitu chenye kinaingia mu mufuko wa shati.

Gari zenye zinatembea kati ya Kasongo, Samba, Kabambare na Salamabila ni za zamani. Ni Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, ni Land Rover zenye wazee wetu waliziona wakiwa vijana, ni malori yenye yamebadilisha wenyewe mara tano. Mu inchi zingine, watu wanaosha gari kama hizo na kuzionyesha siku ya sikukuu. Hapa njo zinabeba muchele, mafuta ya mawese, wanamuke wenye uchungu wa kuzaa na familia yenye imetoka mu kijiji usiku.

Sasa angalia vile tunazitengeneza. Fizible ikiungua, mutu anaweka musumari ao karatasi ya sigara yenye kungaa. Gari inawaka, watu wanapiga makofi. Hawajui wamefanya nini. Fizible ni askari: waya ikibeba moto kupita nguvu yake, yeye anakufa kwanza ili waya ipone. Musumari haukufi. Waya njo inaungua, kutoka ku dashibodi mupaka ku tanki. Taa mbili za mbele za wati 55, ku volti 12, zinakula karibu ampere 9 tu. Fizible ya ampere 15 inatosha. Musumari unapitisha mara kumi ya ile na haustuke.

Waya ikikosa, tunaenda kununua waya wa nyumba, wenye uzi moja mugumu ndani. Ule waya ulifanywa ili ukae ndani ya ukuta, haukufanywa kwa barabara ya kwetu. Gari inaruka mu shimo, waya inapindwa, siku moja inakatika ndani na huoni kitu inje. Waya ya gari iko na nyuzi nyingi nyembamba ili ivumilie kutikisika.

Kuko na ubaya kupita huo. Ku masoko kunauzwa waya wa aluminiamu wenye umepakwa shaba juu kama vile mutu anapaka rangi ku mulango uliooza. Bei yake inafurahisha. Lakini unapata moto haraka, na ku kosi unakuliwa. Kwaruza na kisu: ukiona weupe ndani, umerudisha kwa mwenye kuuza. Muuzaji mwenye anajua na ananyamaza anauza ajali.

Na hapa njo haya inatushika. Mu mwaka wa 2024, Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ile shaba inatoka Kolwezi na Likasi, inavuka mupaka wa Kasumbalesa, inapanda meli, inaenda Asia. Kisha inaturudilia ikiwa waya, kidogo kidogo, kupitia Dubai na Dar es Salaam, mupaka ku mugongo wa pikipiki. Ku kila barièra mutu anaomba franka. Tangu Goma iingie mu mikono ya M23 mu mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mu mwezi wa pili, njia ya pyesi ya upande wa Kivu imekuwa ngumu zaidi. Inabaki reli ya Lubumbashi kupitia Kongolo, na ninyi wote munajua namna treni inangojewa.

Wengine watatujibu: njo maisha yetu, Artikle 15, kila mutu ajipange. Hapana. Artikle 15 imetuzalia mafundi hodari, tunawapongeza, lakini haizime moto. Fundi anaweza kutoa rele mu gari moja na kuiweka mu ingine. Hawezi kugeuza pyesi ya volti 12 ikuwe ya lori la volti 24.

Wengine watasema: leteni gari mupya. Gari mupya iko na kompyuta ndani. Ikikataa, nani mu Kabambare ataisoma? Gari ya zamani inapimwa na balbu moja na waya mbili. Na waya zake zinasema: ku Land Rover za Uingereza, nyeusi ni masi, na kahawia iko na moto kila saa, ku Toyota, nyeupe yenye musitari mweusi ni masi. Mwenye anaweka rangi yoyote mahali popote anamufungia macho fundi mwenye atakuja kisha yeye.

Basi tunaomba nini? Mashofere na wenye gari, changeni franka: mutume mutu moja Lubumbashi, alete sanduku moja la fizible, rele, kosi na balbu za volti 12 na 24, likae Kasongo, na lingine Kabambare. Wakubwa wa teritware, pyesi za gari zenye kubeba wagonjwa zipite ku barièra bila kutozwa. Polisi wa barabara, muangalie taa, musiangalie karatasi tu. Mashirika yenye kusaidia wakimbizi, projekti ikiisha, musiache gari tupu: muache na pyesi zake.

Na ninyi abiria, mama zetu na baba zetu, muko na haki ya kuuliza shofere mbele ya kupanda: "Baba, mu sanduku ya fizible umeweka nini?" Akijibu musumari, shusheni mizigo.