TSH Ikipanda Kidogo, Ipimwe Tena

Mama wa makamo anaamka amechoka, uzito umeongezeka, choo kigumu, nywele zinakatika. Anapimwa damu. Majibu yanasema TSH 6.2, na pembeni pamechapwa herufi H, yaani iko juu. Siku hiyohiyo anaandikiwa levothairoksini na kuambiwa atameza kidonge hicho maisha yake yote.

Haraka hiyo tunaipinga.

TSH haitoki kwenye tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi itoe homoni. Thairoidi ikilegea, himizo huzidi. Kwa hiyo namba ikipanda, swali la kwanza ni je, homoni yenyewe, T4, imepungua? Kama imepungua, mama ana ugonjwa na dawa ni haki yake. Kama T4 iko sawa, hilo ni jambo jingine kabisa: mara nyingi kipimo kikirudiwa baada ya miezi miwili au mitatu, TSH hukutwa imeshuka yenyewe. Huwa juu zaidi usiku na alfajiri, hupanda kwa muda mtu akiwa anapona ugonjwa mkubwa, na huelekea kupanda kadiri umri unavyosogea.

Na huyo ambaye nywele zinakatika aulizwe kama anameza bayotini, vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha. Katika baadhi ya mashine bayotini huonyesha TSH ndogo kuliko ilivyo, na mgonjwa wa kweli akarudishwa nyumbani kama mzima.

Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa TRUST, uliofanyika Ulaya kwa watu 737 wa miaka 65 na zaidi. Wastani wa TSH yao ulikuwa 6.4, T4 ikiwa ya kawaida. Waliopewa levothairoksini hawakupungukiwa uchovu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa ikizidi kipimo, kwa upande mwingine, huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa. Anayelipa kutoka mfukoni afanye hesabu: kurudia kipimo mara moja ni nafuu kuliko kununua vidonge miaka yote.

Wapo wasiopaswa kusubirishwa hivyo: mjamzito au anayetafuta mimba, na mwenye TSH ya 10 kwenda juu. Mwenye rovu naye achunguzwe kwa makini zaidi.

Lakini tusiishie hapo. Daktari anayeona TSH ya kawaida na kumwambia mama "huna kitu" naye amekosea. Uchovu upo, hata kama thairoidi haihusiki. Apimwe wingi wa damu na sukari. Aulizwe hedhi yake ni nzito kiasi gani, analala saa ngapi, moyo wake uko katika hali gani tangu msiba au talaka. Maswali hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji muda, na muda ndio wagonjwa wetu wananyimwa.

Aliyekwisha kuanza dawa asiiache kwa sababu ya maoni haya. Arudi kwa daktari wake aulize mambo mawili: T4 ilipimwa? TSH ilirudiwa?