Sola juu ya paa, mkaa uani

Paneli ya sola ya wati 50, ya aina inayoonekana siku hizi juu ya mapaa ya bati vijijini kote Afrika Mashariki, huzalisha karibu robo ya uniti ya umeme siku yenye jua zuri. Robo hiyo inatosha taa nne, redio, chaji ya simu na pengine televisheni ndogo jioni. Haiivishi maharage. Kupikia familia ya watu watano kwa siku nzima, hata kwa vyombo visivyokula umeme mwingi, kunataka kama uniti moja na nusu au mbili. Ndiyo maana nyumba yenye sola juu ya paa bado ina gunia la mkaa uani, na toleo hili tumeliandaa kwa ajili ya gunia hilo.

Kwa takriban miaka arobaini tumeizungumzia nishati jadidifu ya majumbani kama habari ya taa. Ilianza vizuri. Katikati ya miaka ya 1980, huko Meru, Kenya, mhandisi Mmarekani Harold Burris na mwenzake Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, walifunga sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, wakafundisha mafundi wa palepale. Wakulima wa kahawa na chai walioiona wakanunua za kwao kwa fedha zao, bila kusubiri mfadhili. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kukopesha sola zinazolipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na aliyekuwa akitoa shilingi kadhaa kila siku kununua mafuta ya taa akawa anazielekeza kwenye mali yake mwenyewe. Koroboi ikaanza kupotea. Kwa Tanzania, haki itendeke, sola haikuimaliza koroboi peke yake: mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na tabianchi wala haikuwa kwenye hesabu.

Ushindi huo ni wa kweli, lakini taa ni sehemu ndogo tu ya nishati tunayotumia nyumbani. Sehemu kubwa huenda jikoni.

Tuanzie msituni. Tanuri la kawaida la mchoma mkaa, lile la magogo yaliyofunikwa kwa majani na udongo, hula kilo tano hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti hupotea kabla gunia halijafungwa rumbesa na kupandishwa lori. Tena, kwa sababu ndani ya tanuri hewa ni haba, moto wake hautoi hewa ukaa peke yake, hutoa pia methani, ambayo kwa uzito uleule hulipasha anga joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ukipima kwa kipindi cha miaka mia. Mkaa ukishafika Manzese au Mbagala, jijini Dar es Salaam, unaonekana msafi, hauna moshi kama kuni, mwenye nyumba anaridhika. Moshi wake ulikwisha kuachwa Handeni au Kilwa.

Takwimu ya serikali inayotajwa mara nyingi ni kwamba Tanzania hupoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Hapa lazima tuwe waangalifu, maana wapo wanaoibebesha mkaa hesabu yote hiyo. Msitu wa miombo hukatwa ukachipua wenyewe kutoka kwenye visiki, na mti unaochipua huirudisha kaboni uliyoitoa. Msitu hufa moja kwa moja pale ulipokatwa panapogeuzwa shamba, au panaporudiwa na shoka kabla machipukizi hayajawa miti. Kilosa walilionyesha hili vizuri kupitia mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012. Vijiji viligawa misitu yao vitalu vidogo vinavyovunwa kwa zamu, kila kitalu kikipewa miaka 24 ya kupumzika, na ushuru wa mkaa ukaingia kwenye mfuko wa kijiji, ukajenga madarasa. Mchoma mkaa aliyezoea kukimbizwa na askari wa misitu akawa na leseni na mpaka. Kwangu mimi mradi ule ni ushahidi kwamba hata mkaa unaweza kuwa nishati jadidifu, ila kwa masharti ambayo gunia linaloingia Dar es Salaam kwa njia za panya usiku haliyatimizi.

Huwa tunaulizwa, na swali ni la haki: kwa nini mama lishe wa Buguruni abebeshwe joto la dunia? Mchango wa Tanzania katika gesi zinazolipasha anga joto ni mdogo mno ukilinganisha na wa nchi zilizojengwa kwa makaa ya mawe na petroli. Jibu letu ni kwamba hatumbebeshi. Anaye sababu zake mwenyewe za kuachana na mkaa, na zinatosha: bei yake, kifua chake, macho ya mtoto aliyembeba mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kama kwa kujinusuru mwenyewe atalipunguzia na anga mzigo, ni faida juu ya faida. Ila sera iandikwe kwa kumfuata yeye, kwa namna anavyonunua na anavyopika. Hapo ndipo nina ugomvi na mambo mawili.

La kwanza ni gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi, na kwa wengi picha inayokuja kichwani ni mtungi wa kilo sita. Mitungi imetolewa kwa ruzuku na mingine imegawiwa bure kwenye mikutano. Siipingi gesi. Kwa mapafu ya mpishi ni nafuu kubwa, na hata kwa anga mara nyingi ni afadhali kuliko mkaa wa tanuri bovu. Lakini gesi ya mitungi ni mafuta ya kisukuku, nasi tunaiagiza yote kutoka nje kwa dola. (Ile ya Songosongo na Mtwara ni gesi nyingine, haijazwi kwenye mitungi hii.) Isitoshe, mtungi ukiisha unadai zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Anayepata kipato kwa siku hana elfu ishirini za mkupuo, ana elfu moja ya leo. Basi mtungi unawekwa kwa ajili ya chai na wageni, maharage na makande yanarudi kwenye mkaa, unaouzwa kwa kopo.

Umeme nao unauzwa kwa kopo. Ndiyo maana nashangaa tunavyousahau. LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, inakubali fedha kidogo kidogo, usiku wa manane, kwa simu, bila kubeba chochote kichwani. Wengi tunaogopa kupikia umeme kwa sababu ya kumbukumbu ya jiko la koili lililokuwa likimeza uniti kama maji, na woga huo una msingi. Ila presha kuka ya umeme ni chombo kingine: imefunikwa, imezungushiwa kizuia joto, inajizima yenyewe. Majaribio yaliyofanywa Tanzania na Kenya, yakiwamo ya shirika la TaTEDO, yameonyesha kuwa sufuria ya maharage inaiva kwa takriban nusu uniti. Hata kwa mteja anayelipa bei ya juu, nusu uniti haifiki shilingi mia mbili. Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo mjini haupungui elfu moja.

Na umeme wenyewe unazidi kuwa wa maji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulipowashwa mapema mwaka 2024, nchi iliyokuwa kwenye mgawo muda mfupi tu nyuma ilijikuta ikizima baadhi ya vituo kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Kenya iko mbele zaidi, karibu asilimia 90 ya umeme wake ni jadidifu, na pale Olkaria mvuke wa ardhini huachiwa hewani usiku kwa kukosa mnunuzi. Maharage hayajali yameiva saa ngapi. Ukame ukija maji ya mabwawa yatapungua, hilo tulilionja mwaka 2022 na hatutalificha. Ni sababu ya kuongeza jotoardhi, upepo na sola kwenye gridi. Si sababu ya kubaki na mkaa.

Ugomvi wa pili, ulio mkubwa zaidi, ni bei. Mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 bei yake ni zaidi ya mara tatu, na akizoea kuvuka anahamishiwa kundi la bei ya juu. Mpango huu ulitungwa kwa nia njema, ili maskini apate mwanga. Ila fanya hesabu: taa, televisheni na friji ndogo tayari zinafika uniti 40 au 50. Akianza kupika anaongeza 50 nyingine, anavuka. Siku anayoacha mkaa ndiyo siku anayoadhibiwa. Kenya nako, mwaka 2023, kiwango cha wateja wa bei nafuu kilishushwa kutoka uniti 100 hadi 30, ambazo hazifiki hata mwezi wa ugali. Uganda ndiyo iliyogeuza mkondo: nyumba ikivuka uniti 80, zile za 81 hadi 150 zinauzwa shilingi 412 za Uganda, karibu nusu ya bei ya kawaida, kwa kukiri waziwazi kuwa hizo ni uniti za jikoni.

Ndani ya toleo hili utasoma pia kuhusu bayogesi, inayomfaa mwenye ng'ombe wawili wa ndani na maji ya kutosha, na kwa wengine wote ni ndoto. Utasoma kuhusu majiko banifu yanayogharamiwa na biashara ya kaboni. Kabla hujavutiwa, kumbuka utafiti uliotoka mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability, uliogundua kuwa miradi iliyochunguzwa ilidai kuokoa kaboni karibu mara tisa ya ile iliyookoa. Jiko banifu si baya. Kibaya ni kumuuzia mwenye ndege huko ng'ambo ruhusa ya kuchafua kwa jina la jiko ambalo mama alikwisha kuligeuza kiti.

Tukirudi kwenye umeme, wahandisi watatuambia transfoma za mitaani hazitahimili wote wakipika saa moja jioni. Ni kweli, na transfoma zinanunuliwa, kama mitungi ya ruzuku ilivyonunuliwa. Inabaki bei, na bei za umeme Tanzania hazibadilishwi kimyakimya: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mkutano wa taftishi, ambako mwananchi yeyote anaruhusiwa kusema. Mikutano hiyo mara nyingi hujaa wenye viwanda na mawakili wao. Wasomaji wetu mnaopika kwa umeme, hifadhini meseji za LUKU za miezi mitatu, kabla na baada ya kuacha mkaa, mwende nazo.