Kiswahili Anacho, Karatasi Hana

Bahi ni mji mdogo wa wilaya, magharibi ya Dodoma, penye stesheni ya Reli ya Kati, mashamba ya mpunga na bwawa pana ambalo Mto Bubu hulijaza wakati wa mvua na jua hulinywa kiangazi. Msafiri wa pwani aendaye Tabora au Mwanza huipita Bahi akiwa amelala, na akizinduka huambiwa kwamba ameshafika Manyoni. Lakini yupo msafiri mwingine, ajaye kwa upande wa pili, ambaye Bahi haipiti usingizini. Huyu hutoka Ulyankulu, Katumba, Mishamo, au kijiji chochote cha magharibi. Amekumbatia bahasha kifuani, na anakwenda Dodoma, yaliko makao makuu ya Uhamiaji, kuulizia jalada lake la uraia. Kwake yeye Bahi ni mahali pa kujifuta vumbi na kuhesabu upya nauli ya kurudia.

Wapo wanaosema, na husema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula, kwamba hivyo ndivyo inavyopasa. Mwenye haja ya uraia na aufuate mwenyewe, kwa miguu yake na kwa fedha zake. Akisaidiwa bure, ati, uraia utakuwa rahisi kama karanga za stendi. Maneno haya husikika ofisini, husikika barazani, na hata miongoni mwa wasomi waliotakiwa kuyatafakari kabla ya kuyatamka. Hayana msingi, na madhara yake ni makubwa kuliko wasemaji wanavyodhani.

Itazamwe kwanza sheria yenyewe. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mgeni aombaye uraia wa tajnisi awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Inamtaka awe na tabia njema. Inamtaka ajue Kiswahili au Kiingereza kwa kiasi cha kutosha. Inamtaka awe ameuchangia, au aweze kuuchangia, ustawi wa nchi katika uchumi, sayansi, ufundi au utamaduni, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Hakuna sharti linalosema awe na fedha za kumlipa wakili, wala linalosema awe na jamaa mjini.

Kati ya sharti na cheti, hata hivyo, pana pori la karatasi. Kuna fomu za kujaza, picha, nakala za vibali, barua za wadhamini, na tangazo la kusudio la kuomba uraia ambalo sharti litoke gazetini mara mbili mfululizo. Kuna mahojiano, na kuna kamati za ulinzi na usalama ambazo jalada hupitia ngazi kwa ngazi. Mfanyabiashara mkubwa humkodi mtu wa kulifuatilia, naye akaendelea na biashara yake. Mkulima wa tumbaku hana wa kumkodi. Kila ngazi kwake ni safari, na kila safari ni gunia lililouzwa kabla ya msimu. Hapo ndipo anapojitokeza kishoka, mtu wa maneno laini mlangoni mwa ofisi, aliyeizoea njia na anayemjua fulani. Wanaopinga msaada wa bure wangefaa kujiuliza ni nani anayefaidika pale msaada halali unapokosekana.

Na fomu haisikii simulizi, kwani inataka siku, mwezi na mwaka. Wagogo wa Bahi wenyewe, ambao hakuna awezaye kuwaita wageni, waliihesabu miaka kwa njaa. Njaa kubwa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza waliipa jina la Mtunya, na vizazi kwa vizazi mtu alisema kwamba baba yake alizaliwa kabla ya Mtunya au baada yake, na kila mmoja akaelewa. Hiyo ni tarehe kamili kwa mwenye kuijua historia ya nchi kavu ile. Kwa karani ni kisanduku kitupu. Basi ikiwa mzawa aliyeshindwa kutaja mwezi aliozaliwa huhitaji mtu wa kumwongoza kwenye fomu ya kitambulisho cha taifa, seuze yule ambaye mama yake alimzaa njiani, akivuka mpaka usiku?

Kuna jambo jingine linaloufanya msaada huu uwe wa lazima. Sheria haimlazimishi Waziri kutoa sababu anapolikataa ombi, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Mwombaji aliyekosea kujaza, au aliyeacha hati moja nyumbani, huenda asijue kabisa ni nini kilichomponza. Zaidi ya hayo, kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo, kwa jinsi kilivyoandikwa, kinamhesabu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano kuwa raia kwa kuzaliwa, isipokuwa hali chache kama ya mtoto wa balozi. Ilhali desturi ya ofisi ni kudai kwamba mzazi mmoja awe raia. Wanasheria wamelijadili pengo hilo kwa miaka. Aliyezaliwa kambini hajui kwamba pengo lipo. Anajua tu kwamba karani amemwambia, "Wewe si wa hapa," naye hana neno la kujibu, ingawa Kiswahili cha karani na chake ni kimoja.

Wanaodhani kwamba msaada hushusha thamani ya uraia wayakumbuke makazi ya zamani ya Warundi. Watu hao waliikimbia nchi yao katika mauaji ya 1972, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori na kulilima. Ilipofika 2007 walikuwa takriban 218,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa Tanzania. Wakaulizwa: kurudi Burundi au kubaki? Wanne katika kila watano walichagua kubaki. Serikali haikuwaambia kila mmoja aifuate njia yake kwa nauli yake. Maofisa waliwafuata makazini, fomu zikajazwa huko huko, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likasaidia kuubeba mzigo wa gharama. Kufikia 2010 watu 162,156 walikuwa wamekubaliwa uraia. Ni nadra kwa nchi yoyote duniani kuwapokea wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na Tanzania haikupungukiwa na kitu. Ilipata wakulima, walimu na walipa kodi.

Lakini hapana budi kusema na upande wa pili. Waliokubaliwa 2010 hawakukabidhiwa vyeti vyao mpaka Oktoba 2014. Miaka minne walikuwa wameshaukana uraia wa Burundi na hawajaushika wa Tanzania, kwa kuwa ilikusudiwa kwanza wahamishwe makazini na kutawanywa mikoani, mpango ambao mwishowe uliachwa. Na takriban watu 22,000 wa kundi lile lile la 1972, waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma, hawakuingizwa katika zoezi, kwa sababu tu hawakuwa ndani ya makazi rasmi. Meza ya kuandikisha ilipofika kwa mtu, mtu alikuwa raia. Haikufika, akabaki alivyokuwa. Tabia zao zilikuwa zile zile, na lugha yao ile ile.

Kwa watu wa visiwani, hadithi hii haina haja ya kwenda mbali. Wapo Wapemba waliovuka bahari kwenda Kwale na Kilifi, wengine enzi za ukoloni, wengine baada ya Mapinduzi ya 1964. Walivua, wakaoa, wakazika. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya bila ya kitambulisho, na asiye na kitambulisho huko hakati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu. Mvuvi hodari alilazimika kuazima jina la jirani ili akiingie chombo chake mwenyewe. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikuwa katika hali hiyo hiyo hadi Oktoba 2016, walipofunga safari ya miguu kwenda Ikulu ya Nairobi. Mwaka uliofuata wakapewa vitambulisho. Wapemba walitambuliwa rasmi Januari 2023, na baadaye wakaanza kupokea vyeti. Katika mambo yote mawili walikuwapo watu waliokaa na wazee miaka mingi, wakiandika majina, wakikusanya ushahidi wa nani alizaliwa wapi, wakizisoma sheria na kuzieleza kwa lugha inayofahamika. Kazi hiyo haikuwa na ada. Hakuna Mkenya aliyepoteza chembe ya uraia wake kwa sababu ya Mpemba kuupata.

Husemwa pia juu ya usalama. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Mikoa ya mpakani imeonja ujambazi wa silaha. Lakini usalama wa nani hulindwa na watu wasioandikwa? Operesheni Kimbunga ya 2013, katika Kagera, Kigoma na Geita, iliwaondoa maelfu kwa maelfu, na ndani ya msafara huo walikuwamo waliokaa nchini miongo kadhaa, waume walioachanishwa na wake, na hata waliodai kuwa ni Watanzania ila hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Askari hakuwa na njia ya kumtenga jambazi na mkulima, kwa kuwa wote wawili hawakuwa na hati. Aliyesaidiwa kuomba uraia amejulikana jina, kijiji, wazazi na alama za vidole. Ni hatari gani iliyomo katika kumjua mtu?

Vyombo vya kuifanya kazi hii vipo tayari. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kwa Bara, na ile ya Zanzibar ya 2018, zinawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliofunzwa, waishio kijijini na wanaojua nani mtoto wa nani. Kampeni ya msaada wa kisheria yenye jina la Rais Samia ilizinduliwa Dodoma 2023, mwendo usiofika saa mbili kutoka Bahi. Wasaidizi hao husikika zaidi katika ardhi, mirathi na ndoa. Uraia na uwe la nne. Iwekwe meza moja katika kila makao ya wilaya, siku maalumu ya wiki, na mtu wa kuisoma fomu pamoja na mwombaji kabla haijakwenda kokote. Ada kwa aliyezaliwa au kukulia nchini, na ambaye hana kitu, ifutwe, kama ilivyowezekana kuubeba mzigo wa watu 162,156. Magazeti nayo yatenge pembe ya ukurasa kwa tangazo la maskini, bila malipo. Yamechapisha bure mambo ya upuuzi zaidi.

Na wenye lugha, je? Tangu 2021 sheria za nchi zimetakiwa ziwe kwa Kiswahili, lakini tafsiri ya kisheria huweza kuwa ngumu kuliko Kiingereza chenyewe. Malenga na wahariri wa visiwani hujisifu kwa haki kwamba Kiswahili fasaha kimelelewa kwao. Sheria imeitaja lugha hiyo kuwa mojawapo ya masharti ya uraia. Basi wale wajuao kulipima neno waketi na wasaidizi wa kisheria, waiandike upya miongozo ya tajnisi kwa maneno ambayo bibi wa Ulyankulu atayafahamu akisomewa mara moja. Kurasa kumi zingetosha. Zichapishwe kwa herufi kubwa, na nakala zipatikane bure stesheni ya Bahi, ambako treni husimama kwa muda wa kutosha mtu kushuka, kuchukua yake na kurudi kitini.