Sayansi ya maji isemwe kwa lugha ya wanaoyanywa

Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya sumu iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Sumu yenyewe ilikuwa madini ya risasi. Mimi si mwanakemia. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, neno hilo moja limenishughulisha sana. Mama akiambiwa kwamba mwanawe ana risasi katika damu, atafahamu nini? Risasi aijuayo yeye ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki.

Wako wasemao kwamba utata wa namna hii ni ushahidi kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Hoja hiyo naipinga. Na nisije nikadhaniwa nimechagua mfano mwepesi, nitachukua jambo la maabara za kisasa: polima zenye chapa ya ioni, ambazo kazi yake ni kunasa madini ya aina moja yaliyoyeyuka majini na kuyaacha mengine yapite.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba risasi katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, yaani sehemu moja ya mia ya miligramu. Kiasi hicho ni kidogo mno, ilhali katika maji hayo hayo huwamo kalsiamu na magnesiamu maradufu ya maradufu, nazo hazimdhuru mnywaji. Baadhi ya vichujio hunasa hizi na ile bila kubagua, vikajaa madini yasiyo na hatia.

Wanasayansi, basi, waliifuata njia ya mhunzi na kalibu yake. Huitwaa ioni ya risasi, wakaizungushia molekuli zinazopenda kushikamana nayo, kisha wakazifunga molekuli hizo pamoja kwa minyororo hadi zikawa kitu kigumu, ndiyo polima. Halafu ioni ile huoshwa kwa asidi ikatoka, ikaacha tundu lenye kimo chake na vishikio vyake. Polima hiyo ikitiwa majini, ioni nyingine aghalabu hupita, bali ile iliyofinyangiwa tundu huingia ikatulia. Tundu zikijaa, polima huoshwa tena ikatumika upya. Njia hii ilianzia Japani mwaka 1976, katika kazi ya Hiroyuki Nishide na wenzake.

Sisemi kwamba dawa ya kila sumu imepatikana. Ubaguzi wa polima hizi si kamili; hutegemea kiasi cha asidi katika maji; na mabaki ya ioni iliyotumiwa kufinyangia huweza kuvuja baadaye. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya kazi hii ingali maabarani.

Je, msomaji, hukufahamu? Ioni, polima na molekuli tumezikopa, kama tulivyokopa meza na shule. Kalibu, tundu, chapa na kishikio tulikuwa nazo. Tangu mwaka 1990 tunayo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Tulichopungukiwa si maneno, bali ni mazoea ya kuyatumia. Hata utata wa risasi ungetatuka iwapo madaktari, walimu na waandishi wa habari wangezoea kusema "sumu ya madini ya risasi" kila mara, hadi umma ukaizoea.

Katiba yetu ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika kifungu cha 43 ikampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama. Haki hizi mbili ni pacha. Asiyeweza kuitaja sumu iliyomo katika mtungi wake ataidai vipi haki yake mbele ya hakimu, au hata mbele ya chifu?

Siwaombi walimu wa sayansi wakitupe Kiingereza, kwani mitihani ni ya Kiingereza na mikutano ya wataalamu duniani vivyo hivyo. Nawaomba dakika tano mwishoni mwa kipindi, mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili alichofundishwa. Nao walimu wa Kiswahili watoe ufupisho na insha juu ya maji, betri na sumu, badala ya kurudia mada zile zile za kila mwaka.

Nawe mwanafunzi, urudipo likizo, mweleze nyanya yako jinsi tundu la polima linavyoitambua ioni yake. Akikuuliza swali ukashindwa kulijibu, basi ulikariri tu, hukuelewa. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini mtu huuliza kwa lugha aliyo nayo.