Gari la umeme linakwama penye soketi

Mjadala wa magari ya umeme nchini Kenya huanzia pabaya. Huanzia dukani, kwenye bei ya gari jipya kutoka China, na hapo hapo hufungwa kwa kauli kwamba mwananchi wa kawaida haliwezi. Kauli hiyo si ya uongo, ila mizani yake imekosewa. Mtu wa Ruiru au Thika anayetafuta gari lake la kwanza hana habari na BYD mpya wala Toyota mpya. Anatafuta Vitz, Demio au Nissan Note iliyotumika Japani, inayokaribia miaka 8 ambayo sheria yetu inaruhusu kuingizwa nchini, na ambayo fundi yeyote wa kando ya barabara anaweza kuifungua gizani. Huyo ndiye mpinzani halisi wa gari la umeme la bei nafuu, na kwa bei ya kununulia bado ndiye mshindi. Ila gari halinunuliwi likaishia hapo. Linaendeshwa, na gharama ya pili huandikwa na kilomita. Kwa kilomita, watu wa Thika Road ni matajiri.

Tupige hesabu. Kutoka Thika hadi katikati ya Nairobi ni kilomita 45 hivi, kwenda na kurudi 90. Gari dogo la petroli likipita foleni ya Githurai na Roysambu asubuhi na jioni litafika kilomita 15 kwa lita, na hapo limejitahidi. Hizo ni lita 6 kwa siku. Katikati ya mwaka 2025 lita ya petroli Nairobi ilikuwa karibu Sh185, kwa hivyo siku moja ya kazi ilimeza Sh1,110. Gari dogo la umeme, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, litatumia uniti 15 kwa safari hiyo hiyo. Tuseme mwenyewe ananunua tokeni za nyumbani na kila uniti inamgharimu Sh30, kodi na tozo zote zikiwa ndani: Sh450. Tofauti ni Sh660 kwa siku, zaidi ya Sh14,000 kwa mwezi wa siku 22 za kazi, na zaidi ya Sh170,000 kwa mwaka. Hapo hatujagusa oili, plagi wala filta. Tena foleni yenyewe humuumiza mwenye petroli peke yake, kwa sababu injini huendelea kunywa mafuta gari likiwa limesimama, ilhali mota ya umeme ikisimama imesimama, na dereva akikanyaga breki sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri.

Sasa mchukue mwenzake wa Membley, Ruiru, anayetoa gari Jumapili kwenda kanisani na Jumamosi kwenda sokoni, kilomita 60 kwa wiki. Huyo ataokoa Sh440 kwa wiki, yaani chini ya Sh23,000 kwa mwaka. Kama gari la umeme limemzidi la petroli kwa Sh600,000 siku ya kununua, wa kwanza atazirudisha katika miaka mitatu na nusu, naye huyu wa pili atahitaji zaidi ya miaka 25, muda ambao gari lenyewe halitaufikisha. Gari ni lile lile na barabara ni ile ile, lakini majibu hayakaribiani. Ndiyo maana swali la kama umeme unaweza kushindana na petroli halina jibu moja, na anayelijibu bila kuuliza mtu anaenda umbali gani kwa siku anapiga domo tu.

Wafanyabiashara wa usafiri walilielewa hili mapema kuliko wenye magari ya nyumbani. Kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers pale Thika, kilichoanza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland na ambacho Disemba 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo za petroli, mwaka 2024 kilitenga sehemu ya kuunganishia mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo. Hawakuanza na gari la mtu mmoja, na walikuwa na sababu. Matatu inayopiga raundi nne kati ya Thika na Nairobi inakata kilomita 360 kwa siku. Kila lita ya dizeli inayookolewa hapo huonekana jioni ile ile dereva anapokabidhi hesabu. BasiGo pia iliona kwamba sehemu ghali ya basi ni betri, ikaitenga kwenye bei: mwenye gari alinunua basi, kisha betri na umeme akavilipia kwa kila kilomita aliyoendesha, jinsi alivyozoea kulipia mafuta. Deni la miaka mingi likageuka gharama ya kila siku. Ni akili ya biashara ambayo mnunuzi wa gari dogo bado hajaletewa, na benki zetu zikitaka kuuza mikopo ya magari ya umeme zingeanzia hapo.

Kuna wanaouliza kwa nini Ethiopia, nchi isiyotuzidi utajiri, imejaa magari madogo ya umeme ilhali sisi tunayahesabu. Serikali ya Addis Ababa ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, na umeme wao wa mabwawa ni wa bei ya chini sana. Lakini kuna jambo dogo ambalo husahaulika: Ethiopia huendesha upande wa kulia wa barabara, kama China. Gari lililotengenezewa soko la Wachina, jipya au lililotumika, linashuka Djibouti na kupanda moja kwa moja hadi Addis. Sisi tuna usukani wa kulia, na gari la usukani wa kushoto halisajiliwi hapa kwa matumizi ya kawaida. BYD ilipozindua Seagull nchini China mwezi Aprili 2023 kwa yuani 73,800, pesa zilizokuwa kama Sh1.4 milioni kabla ya meli na ushuru, magari hayo yalikuwa na usukani upande usiotufaa. Kapu letu la mitumba ni Japani, na Japani yenyewe imekwenda pole pole kwenye umeme. Kwa miaka mingi gari la umeme lililokuwa kwenye kapu hilo kwa wingi ni Nissan Leaf.

Leaf imewaponza wengi, na hapa wapinzani wa umeme wana hoja nzito. Zile za mwanzo zilikuja na betri ya uniti 24 ambayo haina mfumo wa kuipoza kwa maji, na joto huila pole pole. Upande wa kulia wa dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Gari likifika Mombasa limebaki na vijistari 8, mnunuzi hajanunua gari la kilomita 120, amenunua la kilomita 70 au 80. Kwa hilo, Thika hadi Nairobi utafika, kurudi utasukumwa. Anayeangalia mwaka wa kutengenezwa na rangi, kama tunavyonunua Vitz, ataumia. Hata hivyo, hoja hii inamhukumu Leaf mzee, haiuhukumu umeme. Leaf za uniti 40 zilianza kutoka mwishoni mwa 2017, na mwaka 2022 Nissan ikatoa Sakura, kigari cha mjini ambacho, kikiwa cha mwaka huo wa kwanza, kwa sheria ya miaka 8 kitaendelea kuruhusiwa kuingia hadi mwisho wa 2029. Bei za mitumba hiyo zitashuka kadiri Wajapani wanavyoiachilia, na mkaguzi wa magari huko Japani angetusaidia sana kama angelazimika kuandika afya ya betri kwenye cheti, jinsi anavyokagua breki na taa.

Wengine watasema stima zitapotea. Zinapotea kweli, Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Lakini pampu ya petroli pia huendeshwa na stima, na gari lililochajiwa jana lina akiba ya siku moja au mbili. Ninawaelewa zaidi wanaosema Thika yenyewe ina mtambo wa megawati 87 unaochoma mafuta mazito, hivyo kuchaji gari ni kuhamisha moshi tu. Mtambo huo upo, ila hauwashwi sawa saa zote. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa na upepo wa karibu na Ziwa Turkana, na usiku wa manane, wakati magari yamelala, mahitaji hushuka sana huku mvuke wa ardhini ukiendelea kutoka. Kuna hata mvuke unaoachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Ruiru inapaswa kuyaelewa haya kuliko wengine, kwa kuwa Nairobi ilipata umeme wake wa awali wa maji kutoka maporomoko ya mto Ruiru, mwanzoni mwa karne iliyopita. Na safari ya Disemba kwenda mashambani? Hapo sina ubishi. Mwenye kwao Busia na gari la kilomita 200 apande basi, au aazime la shemeji.

Kikwazo ninachokiona kikubwa kuliko vyote hakizungumzwi sana, nacho ni mahali gari linapolala. Hesabu ya Sh450 niliyoipiga inamhitaji mtu mwenye soketi karibu na gari lake. Soketi ya kawaida ya ukutani inatosha kabisa: kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi itatia uniti 16 hadi 18, zaidi ya zinazohitajika kwa siku. Lakini Ruiru ni mji wa ghorofa za kupanga. Tembea Kimbo, Kihunguro au nyuma ya Kamakis jioni utaona jengo la orofa saba, magari 20 yamebanana chini kwenye kokoto, na mita zote zimepangwa ndani ya kijichumba kimoja kilichofungwa kufuli, ufunguo ukiwa kwa msimamizi wa ploti. Mpangaji wa orofa ya tano atachaji vipi? Atateremsha waya dirishani, kupita kamba za nguo za majirani wanne? Akichomeka kwenye taa ya ngazi, tokeni za nani zitaliwa? Kabla ya wiki kwisha landilodi atakuwa amebandika tangazo mlangoni.

Serikali ilifikiria kumsaidia mwenye gari la umeme, na msaada ukampita mpangaji huyu. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalum ya kuchaji magari: Sh16 kwa uniti wakati wa matumizi makubwa na Sh8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Ni bei nzuri. Lakini inataka mita yake peke yake, na mita hiyo hupewa kituo cha mabasi, hoteli, kampuni au mwenye nyumba ya ua. Nafuu ya ushuru nayo imeelekea huko huko. Ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme ulipunguzwa mwaka 2019 hadi asilimia 10, nusu ya ule wa gari dogo la petroli, lakini asilimia 10 ya gari la bei ya juu ni pesa nyingi, na mwenye uwezo wa kulinunua gari hilo kwa kawaida tayari ana geti na ukuta wake. Tumemrahisishia mwenye geti, tukamwacha mpangaji anayekwenda na kurudi kila siku.

Najua Hazina ya Kitaifa haitakaa kimya milele. Kila lita inachangia Sh25 za ukarabati wa barabara tangu Julai 2024, na magari ya umeme yakiwa mengi tozo hiyo itatafutiwa njia nyingine ya kuyafikia. Ni haki, barabara ni ile ile. Lakini hata hesabu ile ya Sh660 ikikatwa theluthi, mtu wa Thika bado atakuwa mbele.

Kwa hivyo kabla ya kuomba punguzo jingine la ushuru, ningeitazama afisi ya Kaunti ya Kiambu inayoidhinisha michoro ya majengo. Ghorofa mpya zinaendelea kuinuka Ruiru na Juja, kila moja na nafasi zake za magari kwenye ramani. Kupitisha bomba tupu la plastiki chini ya saruji, kutoka chumba cha mita hadi kwenye maegesho, wakati fundi bado hajamwaga zege, ni kazi ya asubuhi moja. Jengo likishajaa wapangaji, mtu atalazimika kuvunja sakafu, na hakuna landilodi atakayekubali kuivunja kwa ajili ya gari la mpangaji mmoja.