Acheni Kuleta Giza Kibimba

Kwenye kijiwe chetu cha waandishi chipukizi yupo mshikaji mmoja, mtunzi mzuri tu wa mashairi, aliyeniambia bila kupepesa macho: "Tochi si mada ya jarida la fasihi. Andika mapenzi, andika siasa, andika maisha magumu. Tochi mwachie mwenye duka." Kijiwe kizima kikacheka. Na mimi nikacheka nao, maana kucheka pamoja na wengi hakuna gharama. Wiki ile ile umeme ukakatika mtaani kwetu saa mbili usiku. Nani alinigongea mlango? Yule yule. "Oya, una tochi?"

Basi leo naandika tochi. Na sigombi na mwenye duka. Nagomba na wewe, kijana mwenzangu wa Dar, wa Mwanza, wa Bukoba, unayepanda basi kila Desemba kurudi kwenu na begi la zawadi. Nagomba na mimi mwenyewe pia, na utaona kwa nini.

Kwetu ni Kibimba, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Basi linapita Kahama, linapita Nyakanazi na Lusahunga upande wa Biharamulo, linafika njia panda ya Benaco, ndipo unaanza kunusa nyumbani. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage. Nyumba zimekaa mbalimbali, kila moja na shamba lake, na kati ya nyumba na nyumba kuna kijia chembamba kinachopanda, kinachoshuka na kinachoteleza. Sisemi kwamba hatujui umeme. Pale Rusumo, wilaya yetu hiyo hiyo, Mto Kagera unazungusha mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi tunagawana. Nguzo za REA nazo zimefika vijiji vingi. Lakini nguzo haikusindikizi chooni. Nguzo haikuvushi kijito. Nguzo haiendi nawe kumwita jirani saa nane za usiku. Huko unakwenda na tochi, na kama tochi ni ya uongo, unakwenda na uongo mkononi.

Desemba 2022 nilirudi na begi langu. Ndani yake mlikuwa na tochi nne, nilizozinunua mjini kwa mmachinga baada ya kubishana naye bei mpaka akachoka. Kila moja ilikuwa na balbu 12 za LED zilizopangwa duara kama ua la alizeti, kipande cha sola ubavuni, na maandishi ya rangi ya dhahabu. Niliwasha moja pale pale barabarani, mchana kweupe, na bado iliniumiza macho. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nne kwa bei ya moja ya maana: ya mama, ya shangazi, ya baba mdogo, ya bibi. Nilijiona mtoto mwema.

Usiku wa tatu mama akaitwa. Binti wa jirani alikuwa ameshikwa na uchungu, na kabla ya kumpeleka zahanati walitaka mama mtu mzima wa kuwa naye njiani. Mama akaacha chemli yake ya zamani, akachukua tochi ya mwanawe. Kwenye mteremko wa kijito, mvua imenyesha, utelezi mtupu, tochi ikazima. Haikufifia polepole ili impe onyo. Ilizima papo hapo. Akaitikisa, ikawaka, akapiga hatua mbili, ikazima tena. Hatua ya tatu aliipiga gizani. Alivunjika mkono wa kulia, pale juu ya kiganja.

Binti alifika zahanati kwa mwanga wa simu ya mumewe, akajifungua salama. Mama alikaa wiki sita na plasta, jembe limeegemea ukuta, palizi ya maharage ikifanywa na majirani kwa huruma. Aliponiona najilaumu aliniambia: "Tochi yako nzuri, mwanangu. Ila haipendi kutembea."

Niliipeleka kwa fundi redio. Akaifungua kwa kisu, akanionyesha. Balbu zote 12 zilikuwa zimeungwa moja kwa moja kwenye betri, bila hata rezista moja ya kupunguza umeme. Kumbe ndiyo maana ziling'aa vile barabarani: zilikuwa zinaunguzwa. Waya ulikuwa mwembamba kama unywele, umeshikwa na tone la lehemu lisilotosha. Swichi ilikuwa vipande viwili vya bati vinavyogusana vikijisikia. Fundi hakunitukana. Aliniuliza tu: "Kaka, ulipoinunua uliitikisa?"

Sikuitikisa. Niliitazama.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tunanunua tochi kwa macho, wakati tochi ni kitu cha mkononi na cha miguuni. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tochi mbovu inajitembeza kwa mng'aro, na sisi wa mjini ndio wateja wake wakubwa.

Tusiisingizie LED yenyewe. Balbu ya zamani hutoa mwanga kwa kupasha waya moto, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya betri inaishia kwenye joto. LED inapoteza kidogo zaidi, na betri ile ile inadumu mara nyingi zaidi. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962. Ya bluu yenye mwanga wa kutosha ilisumbua watu miaka 30, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipopatikana kwa juhudi za Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kule Japani. Mwaka 2014 wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia. LED ya bluu ukiipaka unga unaotoa mwanga wa manjano, jicho linaona nyeupe. Ndiyo hiyo iliyo kwenye tochi yako. Wale watu walifanya kazi yao. Kilichomwangusha mama yangu ni waya, swichi na tamaa, vilivyojificha nyuma ya kazi nzuri ya wengine.

Sasa sikiliza jinsi tunavyoingizwa mjini.

Kwanza, idadi ya balbu. Eti 12 ni bora kuliko moja! LED moja yenye nguvu, iliyokalishwa juu ya kipande cha chuma kinachoondoa joto, inaweza kuzishinda 12 ndogo zilizopangwa kwa urembo. Sisi waandishi tunajifunza kufuta maneno 12 na kubakiza moja linalofanya kazi. Kwa nini tukifika dukani tunasahau?

Pili, namba za kwenye ganda. Tochi nyingi za siku hizi zina betri ya lithiamu iitwayo 18650, yaani unene milimita 18 na urefu milimita 65. Zile nzuri za kawaida zinabeba karibu mAh 3,500. Ukikuta imeandikwa 9,900, usibishane na muuzaji. Rudisha, nenda zako. Aliyekudanganya nje amekudanganya na ndani.

Tatu, sola. Kile kipande chenye ukubwa wa kiberiti si feki lazima, ila ni kidogo mno. Kujaza betri ya namna hiyo kingehitaji siku nne tano za jua kali, na zaidi. Desemba ya kwetu, yenye mawingu na mvua, jua hilo utalikopa wapi?

Nne, ukali wa mwanga. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na mshumaa mmoja hutoa kama lumeni 12. Kwa kijia, choo, zizi na kusoma, lumeni 30 hadi 50 zinatosha kumwona nyoka na kuliona jiwe. Mwanga wa kupofusha unamaliza betri upesi, na ukizima unakuacha kipofu kuliko ulivyokuwa. Hata wakweli wana ujanja wao. Kipimo cha Marekani kiitwacho FL1, kilichoanza 2009, kinahesabu saa za tochi mpaka mwanga ubaki sehemu moja tu ya kumi ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo ukisoma "saa 10" kwenye boksi, usidhani ni saa kumi za mwanga ule ule uliouona dukani.

Ununueje basi? Washa na uzime mara 20, hata muuzaji akinuna. Itikise ikiwa imewaka. Igonge kwenye kiganja. Ikipepesa mara moja tu, kwaheri. Chagua yenye mwanga wa aina mbili, mdogo wa kila siku na mkubwa wa dharura. Fungua kifuniko uone kama kuna mpira wa kuzuia maji. Hakikisha betri inatoka na ya namna ile inapatikana kwenye gulio la kwenu. Tochi iliyofungwa gundi pande zote, betri ikifa, nayo imekufa.

Kama ni ya kuchaji, bora ile inayotumia waya wa chaja ya simu. Zile zenye meno ya kuchomeka moja kwa moja ukutani, nyingi za bei ya chini hazina transfoma ya kuutenga umeme wa ukutani na mkono wako. Ganda likipasuka ni hatari kwa mtoto. Na zikiwa na betri ya risasi na tindikali, betri hiyo haitaki kukaa tupu. Ikikaa miezi kwenye rafu bila chaji, unanunua maiti yenye boksi jipya.

Najua jibu lako: "Simu yangu ina tochi." Ndiyo, na tangu Nokia 1100 ya mwaka 2003 watu wengi wamevukia mito kwa mwanga wa simu. Yule binti alifikishwa zahanati nao, sikatai. Lakini usiku wa shida simu ina kazi nyingine, nayo ni kuita. Ukimaliza chaji kwa kutafuta njia, utamwitaje mwenye pikipiki? Simu ya dharura iachwe iwe sauti. Mwanga uwe na chombo chake.

Najua na jibu la pili, lenye uzito zaidi: "Bei." Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tochi ya shilingi 3,000 inakufa kila baada ya miezi miwili. Kwa miaka miwili umenunua 12, umetumia 36,000. Ya 12,000 ikidumu miaka hiyo hiyo miwili, hata ukiibadilishia betri mara moja kwa 5,000, umetumia 17,000. Rahisi huvunja upishi. Na si hesabu ya kufikirika tu. Watafiti wa mradi wa Lumina, waliochapisha ripoti yao mwaka 2009, waliwauliza watumiaji wa tochi za LED za bei ya chini nchini Kenya, na walio wengi walikuwa wamekwishapata matatizo ndani ya miezi sita.

"Lakini mwenye 3,000 leo hana 12,000!" Kweli kabisa, na ole wake anayemcheka. Mlalahoi hanunui tochi mbovu kwa ujinga. Ananunua kwa sababu usiku hausubiri mavuno ya kahawa. Kwake nasema hivi: kwa pesa hiyo hiyo, acha yenye maua, chukua ya LED moja na betri mbili za kawaida. Haitamfurahisha mtu dukani, lakini ina vitu vichache vya kuharibika.

Ila wewe, mtu wa mjini, kisingizio hicho si chako. Mimi sikuwa na 3,000. Nilikuwa nazo 12,000 mfukoni, nikazigawa mara nne ili nionekane nimewakumbuka watu wanne. Nilinunua sifa nne kwa bei ya mwanga mmoja. Shangazi tochi yake ilikufa kabla sijapanda basi la kurudi, akanificha nisijue. Ya bibi ilipasuka kioo. Ya baba mdogo watoto wanachezea. Kibimba ilipokea zawadi nne, ikabaki na giza lile lile, na takataka zenye betri ambazo hakuna anayejua pa kuzitupa. Sana sana zinaishia shimoni nyuma ya choo, karibu na migomba tunayokula.

Na huyu mjukuu aliyefanya hayo ndiye anayerudi mjini kuandika shairi juu ya "giza la kijiji", akilipamba kwa nyota na vimulimuli. Giza lile sehemu yake tumelibeba wenyewe kwenye begi. Anayetaka kuliandika aanze hapo.

Desemba inayokuja nitapeleka tochi moja. Nimekwishainunua. Nimeitikisa, nimeigonga, nimeiacha iwake usiku mzima mezani huku naandika haya, na mpaka alfajiri haijapepesa. Ni nyeusi, haina maua, ina balbu moja. Ni ya mama. Shangazi, baba mdogo na bibi watasubiri zamu yao mwaka hadi mwaka, na nitawaeleza kwa nini.

Mshikaji wa mashairi bado anasema tochi si fasihi. Aandike basi anijibu, kurasa ni hizi hizi. Ila kwanza anirudishie ile aliyoazima.